Kwa mnaoanza: msomeni Mama Mongella kabla ya Beijing

Wadogo zangu mnaoingia kwenye siasa na ofisi za mambo ya nje, mkiulizwa mnamfuata nani, wengi mnamtaja Gertrude Mongella, na mkimtaja mnaanzia Beijing, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake wa 1995. Anzieni nyuma. Mama huyu alizaliwa Ukerewe mwaka 1945, akasomea ualimu Dar es Salaam, akafundisha, akaingia bungeni, akawa waziri na baadaye balozi wetu India. Kwenye mkutano wa wanawake wa Nairobi, 1985, alikuwa makamu mwenyekiti. Alipoteuliwa Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing, makabrasha hayakumtisha.

Hapo kwenye makabrasha nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wengi wanaposinzia. Mkutano wa Umoja wa Mataifa hauanzi siku wakubwa wanapopiga picha ya pamoja. Wa Beijing ulifunguliwa tarehe 4 Septemba 1995, lakini Afrika ilishakutana Dakar Novemba 1994, na rasimu ya maandishi yatakayopitishwa ilishachambuliwa New York miezi michache kabla. Maneno yakikataliwa na baadhi ya nchi hayafutwi hapo hapo, yanawekewa mabano. Kule New York hata neno jinsia lilitiwa mabanoni, ikabidi kiundwe kikundi chini ya Selma Ashipala wa Namibia kulimaliza. Rasimu ikafika Beijing bado imejaa mabano. Serikali 189, kila ujumbe na maelekezo yake kutoka nyumbani, na yote yapite kwa kauli moja ndani ya wiki mbili! Yakapita, maeneo 12 ya kufanyia kazi, ingawa nchi kadhaa ziliandikisha mashaka yao.

Kwa hiyo ukitumwa kwenye ujumbe, usikimbilie ukumbi wa hotuba. Hotuba zinagawiwa kwenye karatasi, utazisoma jioni. Omba uketi kwenye kikundi cha mabano, na kabla hujaketi ujue kila kifungu nani kakizuia, anataka kiandikwe vipi, na mkubwa wako yuko radhi kulegeza hadi wapi. Asiyejua hilo la mwisho ndiye anayempigia katibu mkuu wa wizara saa tisa usiku. Beba penseli pia. Kalamu ya wino kwenye rasimu ni ugeni.

Tena msitafute sana kiti cha mbele. Rais wa mkutano ule alikuwa Chen Muhua wa China, nchi mwenyeji. Kazi ya maandalizi ilikuwa ya Mongella, na jina la Mama Beijing amebaki nalo yeye.

Mwaka 2004 akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, lenye makao Midrand, Afrika Kusini. Bunge lile linashauri, halitungi sheria, na kila nchi hupeleka wajumbe watano kutoka bunge lake, angalau mmoja awe mwanamke. Ukikosa ubunge nyumbani, na Midrand huna. Yeye alikuwa mbunge wa Ukerewe, na mpiga kura wa kisiwani anataka kusikia habari za kivuko na bei ya samaki, si za itifaki. Hata ninyi mnaolenga viti maalumu mna jimbo: ni wale wajumbe wa chama mkoani wanaopiga kura za maoni. Wajueni kwa majina mapema, nendeni kwenye misiba yao, msisubiri mwaka wa uchaguzi.