Kabla zimamoto hawajafika

Gari la zimamoto likifika kijijini, mara nyingi hukuta kuta tu zimesimama. Ni mbali, barabara mbovu, na pengine nambari ya kupiga haijulikani. Kwa hiyo moto utazimwa na waliopo pamoja na majirani, tena katika dakika mbili tatu za mwanzo, ama hautazimwa kabisa.

Anzeni na mlango, kizimamoto baadaye. Usiku komeo la kufungua kwa mkono linatosha. Kama kufuli halikwepeki, ufunguo ukae kwenye msumari uleule siku zote, pale mtoto anapoweza kufika lakini aliyenyoosha mkono kupitia dirishani hafiki. Nondo za madirisha ndizo zinazotutia hofu zaidi: kila chumba cha kulala kiwe na walau dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na hufunguka kwa ndani. Lijaribuni usiku, taa zikiwa zimezimwa, maana bawaba iliyoshika kutu hujulikana hapo. Moshi ukijaa, tambaeni. Hewa yenye nafuu iko chini. Kila mlango mnaopita ufungeni nyuma yenu, kwani mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi. Mkishatoka, kutaneni mahali mlipokubaliana, mhesabiane, na asirudi mtu ndani, hata kwa ajili ya vyeti. (Vyeti viwekwe kwenye mkoba mmoja karibu na mlango, ubishi uishe.)

Jikoni, kosa linalounguza watu vibaya ni kumwagia maji mafuta ya kukaangia yaliyoshika moto. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama, yakageuka mvuke papo hapo. Mvuke huo huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yenyewe, na huyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko ikiwa unalifikia, kisha telezesha mfuniko juu ya sufuria ukianzia upande wako. Usifunue. Anayechungulia mapema huingiza hewa wakati mafuta bado ni ya moto, na yanawaka upya. Acha yapoe kabisa.

Kwa wanaotumia mafuta ya taa, hatari iko kwenye dumu. Mafuta ya taa safi huhitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kuwaka. Petroli hutoa mvuke huo hata penye baridi ya chini ya sifuri. Petroli kidogo iliyobaki ndani ya dumu inatosha kulipua jiko au taa. Dumu la petroli na la mafuta ya taa yasibadilishane kazi kamwe. Jiko lizimwe na lipoe kabla ya kuongezwa mafuta, na kazi hiyo ifanyiwe nje.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni hadi ikutane na jiko la mkaa lililo pembe nyingine ya nyumba. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regulata na ncha zote mbili za mpira. Mapovu yakikua, funga valvu. Ukunje mpira kwa vidole: ukiona nyufa pale unapopinda, nunua mwingine, usifunge na gundi. Mtungi usimame wima, maana ukilazwa gesi hutoka ikiwa bado kimiminika. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua milango na madirisha, utoke. Swichi usiiguse, kuwasha wala kuzima, maana cheche hutokea pande zote mbili.

Majivu hudharauliwa sana. Kaa lililofunikwa na majivu huweza kukaa na moto zaidi ya siku nzima, na upepo ukililetea hewa linaamka. Yatie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, mwagia maji, koroga, mwagia tena. Yasimwagwe karibu na ukuta wa miti, uzio wa nyasi wala zizi.

Pipa la lita 200 ni ndoo 20 za lita 10, nazo huisha haraka. Lakini ndoo tatu za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa hiyo ndoo zikae palepale pipani na maji hayo yasiwe ya kufulia. Nyumba ya jirani ya makuti ikishawaka paa zima, iacheni mlowanishe paa lenu. Kizimamoto cha unga cha kilo 6 hutoa unga kwa sekunde 15 hadi 20 tu: simama mita mbili au tatu kutoka motoni, mlango ukiwa nyuma yako, lenga kwenye shina la moto. Unga haupoozi. Godoro lililozimwa kwa unga huendelea kufukuta ndani. Litoeni nje mlimwagie maji.

Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka, ya baridi lakini si barafu, kwa dakika 20. Pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, mafuta na yai havipoozi, na huchafua kidonda. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Jeraha likizidi kiganja chake, au likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyevuta moshi mwingi, hata kama anasema yuko salama.