Mstari wa mbuyu wangu una vigongo, nifanye nini?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Hombolo, Dodoma, na ninabuni lebo za pakiti za zabibu kavu kwa ajili ya kikundi cha wakulima. Ninachora mbuyu kwa kuufuatisha kwenye picha, nikitumia kifaa cha njia (Paths) katika GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha. Nimeweka nukta zaidi ya 60 kuzunguka shina, lakini mstari bado una vigongo. Je, niongeze nukta nyingine?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji, zipunguze, tena sana. Kati ya nukta mbili programu huchora kipande kimoja cha mstari kinachoongozwa na vishikio viwili, yaani vijiti vinavyochomoza kwenye nukta unapoburuta kipanya, kimoja kwa kila nukta. Mstari hutoka kwenye nukta ukifuata uelekeo wa kishikio chake, na kadiri kishikio kinavyorefuka ndivyo unavyochelewa kuuacha uelekeo huo. Kwa hiyo, pale vipande viwili vinapokutana, mstari hupita bila kigongo iwapo tu vishikio vya pande zote mbili vya nukta hiyo vimelala katika mstari mmoja ulionyooka. Mwenye nukta 60 ana mahali 60 pa kukosea.

Hesabu ya mistari hii ilienezwa katika miaka ya 1960 na Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault nchini Ufaransa, aliyehitaji kueleza maumbo ya bodi za magari kwa namba chache. Uchache huo ndio unaokufaa wewe pia.

Ninakushauri uanze upya badala ya kurekebisha mchoro wa zamani. Upande mmoja wa shina la mbuyu unahitaji nukta tatu tu: chini linapogusa ardhi, pale linapotuna kuliko kote, na shingoni chini ya matawi, linapokuwa jembamba zaidi. Katika nukta mbili za juu, vishikio visimame wima, kwa kuwa hapo shina haliegemei kushoto wala kulia. Usishangae kwamba hakuna nukta kati ya tumbo na shingo: kipande kimoja kinaweza kupinda huku kisha kule. Urefu wa kila kishikio uwe takriban theluthi moja ya kipande chake, kisha uurekebishe kwa jicho.

Bofya, usiachie kitufe cha kipanya, kisha buruta. Ukishikilia Shift wakati wa kuburuta kishikio, cha upande wa pili kitakifuata kwa urefu na unyoofu uleule. Kwenye panda, tawi linapoachana na shina, usiitumie Shift, kwa sababu pale kona kali ni halali yake.

Kabla ya mbuyu, jizoeze kuchora duara lenye nusu kipenyo cha pikseli 100 kwa nukta nne: juu, chini, kushoto na kulia, vishikio vyote vikiwa na urefu wa pikseli 55. Ukivifupisha, duara litabonyea kuelekea umbo la almasi. Ukivirefusha, litavimba pembeni kama mto wa kulalia. Vibadilishe mara nyingi, hadi mkono wako uzoee urefu unaofaa.