Barua Zenu: Key na Peele, na yule anayekaa kimya

Mwezi uliopita niliwaomba mniambie mnakionaje kipindi cha Key & Peele cha Marekani, kile cha vichekesho vifupi vifupi ambacho kituo cha runinga cha Comedy Central kilikirusha kuanzia Januari 2012 hadi Septemba 2015. Barua zimekuja nyingi na wenyewe hamkubaliani hata kidogo. Wapo wanaosema hakuna wawili waliowahi kuchekesha kama hawa, na wapo waliozima runinga kabla kipindi hakijafika nusu. Nimechagua sita zilizonifanya nirudi kukitazama upya.

Kwa ambaye hajawahi kuwaona: Keegan-Michael Key ndiye yule mrefu mwenye kipara. Jordan Peele ndiye mfupi, mwenye mashavu. Wote wawili baba zao ni Weusi na mama zao ni Wazungu, na kabla ya kupata kipindi chao walikuwa pamoja katika MADtv, kipindi kingine cha vichekesho. Mimi nimeigiza vichekesho jukwaani miaka mingi kabla ya kukabidhiwa safu hii, kwa hiyo majibu yangu ni ya mtu aliyesimama pale mbele ya watu na kungoja kicheko.

Shikamoo mama. Mimi nimeona kile kipande cha mwalimu tu, kwenye simu, na kila nikikiona nacheka. Kaka yangu anasema ukishaona hicho umeona vyote, maana kazi yao ni kupiga kelele. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne*

Marahaba mwanangu. Kelele zipo, na Key anazo za kutosha. Lakini mwambie kaka yako akitazame tena kipande hicho, safari hii asimtazame Key.

Mwalimu wa muda, Bwana Garvey, amefundisha miaka 20 katika shule za mitaa migumu ya mjini. Leo ameingia darasa la watoto wa Kizungu wa familia zenye nafasi, naye anaita majina. Blake anamwita "Balakei". Denise anakuwa "Dii-nais". Aaron, kila mtu anamjua sasa, ni "Ei-ei-ron". Mtoto akijaribu kumsahihisha, Garvey anaona anadharauliwa, anapandisha, anavunja ubao wake wa kuandikia. Hayo ndiyo kaka yako anayoyasikia.

Sasa tazama wanafunzi. Hakuna anayecheka, na hakuna anayeikonyezea kamera kutuambia kwamba huu ni mzaha. Msichana anaulizwa jina lake, analitaja kwa sauti ya kuuliza, kana kwamba ameanza kutilia shaka alichoitwa na wazazi wake tangu azaliwe. Woga ule ndio unaotuvunja mbavu. Key angepiga kelele zilezile mbele ya darasa linalocheka, tungechoka upesi sana. Halafu uone mwisho wake. Garvey anaita "Timothy" kwa namna yake ileile, na kutoka nyuma ya darasa kijana Mweusi anaitikia kwa matamshi yaleyale ya mwalimu. Garvey anamshukuru. Kijana huyo ni Peele. Katika kipande kilichowapa umaarufu kuliko vyote, mmoja wa hawa wawili amekubali kukaa nyuma na kusema neno moja! Nawajua waigizaji wengi wazuri ambao wangegombana na mwongozaji kwa nafasi ya namna hiyo.

Na kuna jambo chini yake, ndiyo maana kipande hakichuji. Watoto wa Weusi wa Marekani wamezoea kuona walimu wakilikodolea macho daftari na kuyapinda majina yao. Hapa mambo yamegeuzwa, Denise na Aaron wanaonja.

Mkimaliza hapo, tafuteni kichekesho kilichofungua sehemu ya kwanza kabisa ya kipindi. Key yuko kando ya barabara anaongea na mkewe kwa simu kuhusu tiketi za ukumbi wa maigizo, kwa upole, mtu wa adabu zake. Peele anakuja, naye ana simu sikioni. Mara Key anaikaza sauti, anaongea kama mbabe wa mtaani. Peele naye ni mbabe vilevile. Wanapeana ishara ya kichwa, wanapishana. Peele akishafika ng'ambo sauti inalainika na anamwambia mwenzake kwenye simu kwamba ameponea chupuchupu kuporwa. Basi, kimekwisha. Hakuna aliyepiga kelele, na umeshaelezwa Wamarekani Weusi wangapi wanavaa sauti wasiyokuwa nayo kwa kuogopana wao kwa wao.

Dada, nakuheshimu na safu yako naisoma, ila kile kichekesho cha mnada wa watumwa siwezi kukimeza. Kuna mambo hayachekwi. Nafundisha historia na sitaki wanafunzi wangu wajifunze kucheka pale.
*Mwalimu*

Mwalimu wangu, barua yako nimekaa nayo kuliko zote. Nakubali kwamba kuna mambo hayachekwi. Watu waliofungwa minyororo hawachekwi. Tofauti yetu ni juu ya nani anachekwa katika kichekesho kile.

Niwasimulie wasiokiona. Key na Peele ni watumwa wamesimamishwa jukwaani wauzwe. Mwanzoni wananong'onezana kwa hasira: atakayethubutu kuwanunua atakiona. Mnada unaanza, wenzao wananunuliwa mmoja baada ya mwingine, wao hawaguswi. Hasira inaanza kugeuka kinyongo. Mbona yule kachukuliwa, ana nini cha kutuzidi? Kinyongo kinageuka kujinadi: mimi nina nguvu, mimi ni mtiifu, mimi sina matata. Mwishowe mwendesha mnada anasimamisha biashara na kuwaambia hataki sifa yake iharibike kwa kuuza watu wenye majivuno na ubaguzi kama wao. Wauza watu ndio wanaotoa somo la maadili!

Mimi ninachokiona ni soko lenye uwezo wa kumfanya binadamu aombe apewe bei. Wanunuzi hawatukani, hawapigi mtu. Wananyoosha mikono tu, kwa utulivu, kama watu wanaonunua viti. Utulivu ule unanitia baridi mwilini kila nikiutazama, na naamini uliwekwa makusudi. Kicheko kinakupeleka karibu, halafu unajikuta umesimama pale mnadani na huna pa kuangalia.

Hata hivyo hoja yako moja naichukua yote. Kichekesho hiki kinapokatwa na kusambazwa nusu, kikaishia pale wanapolalamika kutonunuliwa, kinabaki kuwa watu wawili wanaochekesha kwa gharama ya mababu zao. Usikionyeshe darasani kabla hujalifundisha jambo lenyewe. Ukishalifundisha, kionyeshe mpaka mwisho, uwaulize wanafunzi ni nani asiyeonekana mbaya pale na kwa nini haonekani mbaya. Ningependa sana kujua watajibu nini.

Na kama unadhani hawa wawili wanayachukulia mambo hayo kwa wepesi, tazama Negrotown, iliyokuwa katika sehemu ya mwisho kabisa ya kipindi, Septemba 2015. Mtu Mweusi anatembea usiku, polisi anamkamata, anamgongesha kichwa kwenye gari wakati wa kumwingiza. Anazinduka katika mji wa rangi na nyimbo, ambako teksi zinasimama ukizipungia na hakuna anayekufuata dukani akidhani utaiba. Wimbo ni mtamu, mavazi yanameremeta, watu wanacheza. Kisha anarudiwa na fahamu, na polisi bado amemshika. Anasema alidhani anakwenda Negrotown. Polisi anamjibu kwamba ndiko anakopelekwa. Waliaga watazamaji wao kwa hilo, na mimi siku ile sikucheka.

Mimi nawapenda, ila pale wanapotoka mbele ya watu kuongea kati ya kichekesho na kichekesho wananichosha. Ni mimi peke yangu?
*Mtazamaji wa siku nyingi*

Hauko peke yako, ndugu yangu, na inaonekana wao wenyewe walifikia hukohuko. Misimu ya mwanzo walisimama jukwaani mbele ya hadhira na kutambulisha vichekesho vyao. Kuanzia msimu wa nne jukwaa likaondolewa, wakawekwa ndani ya gari, barabara ndefu ya jangwani, wanapiga soga. Kipindi kikapumua. Wakiwa garini hawatuombi tuwacheke, wanachekeshana wao, nasi tunasikiliza pembeni.

Dada, ni kweli Obama mwenyewe aliwahi kuigiza nao, au ni yale ya mitandaoni?
*Mpenda siasa*

Kweli tupu, kaka, ingawa haikuwa ndani ya kipindi. Kwenye kipindi Obama aliigizwa na Peele: amekaa kitini, sauti ya chini, kila neno limepimwa. Nyuma yake anazunguka Luther, yaani Key, macho yamemtoka, pete vidoleni, kazi yake ni kutafsiri hasira ambazo Rais hawezi kuzionyesha hadharani. Rais Mweusi wa kwanza wa Marekani alijua kwamba akifoka mara moja tu ataitwa Mweusi mwenye hasira, na watazamaji wake walijua hivyo. Ndiyo maana wazo lenyewe halikuhitaji maelezo.

Tarehe 25 Aprili 2015, kwenye chakula cha jioni cha waandishi wa habari wa White House, Obama wa kweli alipanda kuhutubia na akamwita Luther. Key akatoka na pete zake, wakafanya kama kwenye runinga: Rais anasema kwa upole, Luther anafoka. Wakafika kwenye mabadiliko ya tabianchi. Hapo Obama akaanza kupandisha mwenyewe, sauti juu, na Luther akaanza kumtuliza, mwisho akamwambia Rais kwamba hahitaji mtafsiri wa hasira, akaondoka. Tazama uso wa Key Rais anapoanza kufoka. Mtu aliyekuwa analipuka dakika moja nyuma sasa amenyamaza, anamtazama mwenzake kwa wasiwasi, na ukumbi mzima unaangua kicheko kwa sababu yake yeye aliyenyamaza. Kubadilishana nafasi namna ile katikati ya igizo, na mtu ambaye si mwigizaji, ni kazi ngumu mno. Niliirudia na kuirudia.

Nina watoto wa miaka 9 na 12. Naweza kukaa nao tukatazama?
*Mama wa wawili*

Usikiwashe na kuwaachia, mama. Matusi ni mengi na mambo ya watu wazima hayakosekani, ni kipindi cha usiku. Chagua kimoja kimoja, ukitazame kwanza mwenyewe. Mkubwa anaweza kufurahia kile cha wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wanaojitambulisha kwa majina ya ajabu, kila anayefuata amemzidi wa kabla yake, mpaka anatokea wa mwisho, Mzungu, anaitwa Dan Smith tu. Huyo naye anachekesha bila kufanya lolote.

Tumebishana kazini wiki nzima. Mimi nasema Peele ndiye mkali, wenzangu wanasema Key. Amua. Na kwa nini waliacha wakiwa juu?
*Fundi umeme*

Kuacha waliamua wenyewe, baada ya misimu mitano. Mwaka uliofuata, 2016, wakapewa Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, ya kipindi bora cha vichekesho vifupi, kwa hiyo si kwamba walifukuzwa wala kuchokwa. Key akaendelea na filamu na jukwaa. Peele akageukia filamu za kutisha, na mwaka 2018 akawa mtu Mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mswada asilia wa filamu. Wengi walishangaa mchekeshaji kuhamia kwenye kutisha. Mimi sikushangaa, nilishaona anavyojua kungoja.

Kuamua nani mkali sitaamua, fundi, na si kwa kuogopa wenzako. Tafuteni kile cha ujumbe wa simu. Marafiki wawili wanapanga kukutana jioni. Peele amejilaza kwenye kochi, ametulia, anaandika kwamba kwake ni sawa tu, vyovyote. Key anausoma ujumbe uleule nyumbani kwake na kusikia dharau ndani yake. Anajibu kwa ukali. Jibu linafika kwa Peele, naye analisoma kwa upole uleule, haoni kosa lolote. Maneno ni yaleyale kwenye skrini zote mbili. Muda mwingi hawako hata chumba kimoja, na bado kila mmoja anamchekesha mwenzake: hasira ya Key inachekesha kwa sababu tumetoka kumwona Peele amelala, na Peele anachekesha kwa sababu tunajua upande wa pili mtu anakaribia kupasuka. Mtoeni mmoja, abaki mtu anayeandika ujumbe.

Tazameni kazini wakati wa mapumziko, kila upande umfuate mtu wake kwa macho mwanzo mpaka mwisho, kisha mniandikie.