Kupunguza suruali ya mtumba: mambo ya kumwambia fundi

Suruali nzuri ya Gikomba au Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi, huharibikia kwa fundi. Mtu huipeleka ikiwa bado na mikunjo ya sokoni, amevaa ndara, kisha anasema "nipunguzie kidogo". Kidogo kiasi gani?

Ifue kwanza, uipige pasi. Nguo ya pamba iliyokuja na lebo yake huenda haijawahi kuguswa na maji, nayo hurudi ikifuliwa. Ukiikata kabla, utabaki na suruali ya kuvukia matope. Kwa fundi, vaa viatu utakavyovaa nayo na utazame mbele. Ukiinama kuangalia pini, kipimo kinabadilika.

Kiuno ndicho chenye kesi. Suruali ya kitambaa hupunguzwa kwenye mshono wa katikati nyuma, na sentimita 4 au 5 kwa jumla hazileti shida. Ukizidisha hapo, mifuko ya nyuma inakaribiana, nayo mishono ya pembeni inavutwa nyuma. Dawa yake ni kufumua mkanda ulioshonwa kiunoni na kupunguza pembeni pia, kazi ya bei nyingine kabisa. Afadhali urudi sokoni utafute saizi yako. Mkanda wa jinzi kwa kawaida hauna kiungo katikati, kwa hiyo lazima ukatwe na kuungwa upya. Mwambie fundi akifiche kiungo hicho chini ya kitanzi cha mshipi. Akitaka kuukunja tu pembeni na kushonea juu kwa juu, mkatalie, utakuumiza ukikaa.

Kubana miguu nako kuna ujanja wake. Fundi mwenye haraka hupunguza mshono wa ndani peke yake, halafu mguu wa suruali unajipinda na mshono wa nje unakuja mbele. Apunguze kiasi sawa ndani na nje, akianzia juu kidogo ya goti. Upana wa chini upimwe kwa kisigino, maana ndicho kinachokwama wakati wa kuvaa.

Upindo wa suruali ya kitambaa uachiwe sentimita 4 ndani. Jinzi hutosheka na 2.5, ila hutaka sindano namba 16. Sindano nyembamba huvunjika au kuruka mshono pale pembeni penye tabaka nyingi, kwa hiyo papondwe kwanza kwa nyundo.

Kitambaa kilichozidi ndani kisikatwe mpaka uivae tena, utembee na ukae kitini.