Muhtasari si utangulizi

Wengi huuliza kama muhtasari na utangulizi wa ripoti ni kitu kimoja. La, si kitu kimoja. Muhtasari wa ripoti ya atachimenti, yaani mafunzo ya mwanafunzi kazini, ni ripoti nzima iliyofinywa: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, ukapata nini, wapendekeza nini. Utangulizi hautoi matokeo, wamwingiza msomaji kwenye jambo tu. Ndiyo maana muhtasari hukaa mbele lakini huandikwa mwisho kabisa, maana huwezi kufupisha usichokimaliza.

Nilifunzwa hivyo chuoni kwenye somo la stadi za mawasiliano, sikuamini hadi nilipofanya atachimenti karakana moja ya Shimanzi, Mombasa. Injinia wa hapo alisoma ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu, chai mkononi, kisha akaruka hadi mapendekezo. Katikati hakugusa! Na mimi ukurasa huo wa kwanza nilikuwa nimeujaza historia ya karakana na shukrani kwa mama. Akanirudishia.

Kwa hiyo usiandike "ripoti hii itazungumzia pampu". Andika "pampu ya pili ilivuja kwa sababu sili yake ya kuzuia uvujaji ilikuwa imechakaa, ibadilishwe kabla ya kuwashwa tena". Hapo mkubwa ashajua la kufanya. Usitie kwenye muhtasari jambo lisilokuwamo ndani ya ripoti yenyewe.

Ila ripoti ya kurasa mbili tatu mara nyingi haihitaji muhtasari. Na kama idara yenu ina mwongozo wake, fuata huo kwanza, kwani wao ndio watakaokusahihisha.