Mabati Kuungwa bila Moto wala Ribiti

SWALI: Ndugu mhariri, asalaam aleikum. Nilipoitwa hotelini kukarabati mifereji ya hewa baridi, nilikuta mabati yameungwa kwa alama za duara, upande mmoja kishimo na upande wa pili uvimbe, pasipo ribiti, skrubu wala dalili ya kuchomelewa. Je, kiungo hicho kina nguvu, na chafaa kwa gata za mvua? – Fundi wa mabati, Malindi.

JIBU: Waalaikumu salamu, fundi. Kiungo hicho hutengenezwa kwa panchi, yaani kijiti cha chuma kinachosukuma, na kalibu, yaani chuma chenye kishimo kinachopokea upande wa pili. Panchi huyasukuma mabati yote mawili kwa pamoja hadi kitakoni mwa kalibu, na chuma kikishakosa pa kwenda hutanuka kando, bati la juu likajipanua ndani ya lile la chini na kunasa kama kifungo kilichokwisha kupita tunduni.

Hakuna kinachoyeyuka, na kwa mji wa pwani hiyo ndiyo faida kubwa. Zinki, ile iliyopakwa juu ya bati kulikinga na kutu, huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi na kuchemka kwenye 907, ilhali chuma cha bati huhitaji karibu 1,500. Kwa hiyo anayechomelea mabati huiunguza zinki kwanza, akavuta moshi unaoweza kumtia homa, na kuacha mahali patupu panapongojea upepo wa chumvi. Panchi huinyoosha zinki ikawa nyembamba, lakini sehemu kubwa hubaki.

Nguvu yake hutegemea mambo mawili: unene wa shingo, yaani pale bati la juu linapovutika, na kiasi cha kunasa. Shingo ikiwa nyembamba mno hukatika. Kunasa kukiwa haba, mabati huchomoka. Kwa kawaida alama moja hubeba mzigo mdogo kuliko nukta ya weldi ya ukubwa ule ule, na alama moja ya duara peke yake yaweza kuzunguka, kwa hiyo piga mbili au zaidi. Bati nene, au lile gumu, likae upande wa panchi. Chuma kinachovunjika upesi hakifai, wala bomba lililofungwa, maana kifaa lazima kifike pande zote mbili.

Kuhusu gata, sikushauri uitegemee njia hii peke yake. Alama ya duara iliyopigwa vizuri haitoboki, lakini kati ya alama na alama maji yatapita. Zile za mraba hukatwa kingoni na huvuja zenyewe. Kunja kingo na upake silikoni. Usiunge alumini na shaba, kwani maji ya chumvi yakiingia kati yake alumini italiwa.

Kabla ya kununua koleo la kazi hii, mpelekee muuzaji vipande vya mabati unayoyatumia, piga alama, kisha uikate katikati kwa msumeno wa chuma na uitazame shingo.