Re: CG125 ya Kichina au Boxer 150 kwa bodaboda?
Mkuu, umeuliza kwa nini injini ya mtindo wa CG125 inagongagonga kuliko Boxer 150, na uchukue ipi. Siri ni kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu (milango ya hewa na moshi ya injini). Honda walipotoa CG125, ambayo Wachina wameiga, mwaka 1976 waliiweka chini, inazungushwa kwa gia na kusukuma valvu kwa vijiti virefu, ndiyo maana inagonga zaidi. Hakuna cheni ya taimingi (ya kuzungusha kamshafti) ya kulegea, kwa hiyo inavumilia hata ukichelewa kumwaga oili (usifanye mazoea!). Boxer kamshafti iko juu, kwenye silinda hedi, inavutwa na cheni: injini inachanganya mwendo vizuri zaidi, ila oili chafu inaila haraka. Kwa njia za kijijini, fundi akiwa mbali, mimi ningechukua ya vijiti. Huo mlio, mwambie fundi apime kwanza nafasi (uwazi mdogo) ya valvu.